Wakala anataka milioni 6 anipeleke Hispania nikafundishe daraja la nne, anasema kocha Unai Emery naye alianzia huko. Nikubali?

"Shikamoo kocha. Nina miaka 27, nafundisha timu ya ligi ya mkoa hapa Morogoro, mchana nipo dukani kwa kaka. Nina leseni D ya CAF. Kuna wakala kanifuata WhatsApp anasema kwa milioni 6 ananipeleka Hispania, nasoma kozi wiki 6 halafu napewa timu ya daraja la nne. Anasema Unai Emery naye alianzia chini huko huko na hakuwahi kuwa staa, na nimesoma nikakuta kweli alianzia Lorca. Wenzangu nao wananiambia mbona Pablo Franco wa Simba alitokea madaraja ya chini ya kule, kwa hiyo njia ipo. Mshahara hajaniambia vizuri ila anasema kule hata daraja la nne ni hela. Mama anataka kuuza kiwanja anisaidie. Kweli kocha anaweza kuanzia daraja la nne Hispania akafika juu? Inachukua muda gani? Na hii dili niikubali?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote mpigie mama umwambie kiwanja kisiuzwe. Haya mengine unaweza kuyasoma taratibu jioni ukishafunga duka, ila hilo la kiwanja lifanye leo.

Sasa tuongee. Nimeona unachouliza hasa siyo hela, unauliza kama mtu asiye na jina anaweza kuanza chini kabisa akafika juu kwa kazi yake. Ndiyo anaweza, na Hispania ina mifano mingi ya hilo. Ila huyo wakala kakupa kipande cha mwanzo cha stori na kipande cha mwisho, katikati kakata, na msoto wote uko hapo katikati alipokata.

Tuanze na hayo madaraja maana hata "daraja la nne" lenyewe limechezewa. Juu kuna La Liga timu 20, chini yake Segunda timu 22, na hapo ndo soka inayoitwa ya kulipwa rasmi inaishia, yaani viti 42 tu vya kocha mkuu kwa nchi nzima yenye makocha wenye leseni wamejaa kila mtaa. Chini yake tangu 2021 kuna Primera Federación, jina linasikika kama la kwanza lakini ni daraja la tatu, timu 40 makundi mawili. Halafu Segunda Federación ndo daraja la nne lenyewe, timu 90 makundi matano, halafu Tercera Federación daraja la tano makundi 18 yaliyogawanywa kimikoa, na chini ya hapo kila mkoa una ligi zake. Zamani ilikuwa tofauti kidogo, kabla ya 2021 daraja la tatu lilikuwa linaitwa Segunda B na Tercera ilikuwa ya nne, kwa hiyo ukisoma historia ya kocha yeyote wa kule angalia mwaka kwanza maana jina lile lile limebadilika uzito.

Hilo daraja la nne la sasa usilifananishe na ligi yako ya mkoa. Humo kuna timu za pili za klabu kubwa, kuna klabu zilizowahi kucheza La Liga zikaanguka kwa madeni, kuna wachezaji waliotoka akademi za Real Madrid na Barcelona. Hawampi timu mgeni aliyesoma wiki 6.

Haya, Emery. Mwaka 2004 alikuwa mchezaji wa Lorca Deportiva, Segunda B, mji wa Lorca huko Murcia, anauguza goti. Desemba kocha akatimuliwa, rais wa klabu akamgeukia yeye akamwambia chukua timu. Alikuwa na miaka 33. Sasa wakala akikwambia "alianza tu hivyo", muulize huyo Emery alikuwa nani siku ile? Alikuwa amecheza soka ya kulipwa miaka mingi, zaidi kule daraja la pili, Toledo, Ferrol, Leganés, tayari alikuwa na karatasi za ukocha, chumba cha kubadilishia nguo anakijua mmoja mmoja kwa sababu jana yake alikuwa amekaa humo, na baba yake na babu yake wote walikuwa makipa. Mlango ulifunguka ghafla lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni miaka 15. Msimu ule ule akaipandisha Lorca kwenda Segunda, msimu uliofuata akamaliza nafasi ya tano, ndipo Almería wakamchukua 2006, akaipandisha La Liga 2007, akashika nafasi ya 8, na 2008 yuko Valencia. Mengine unayajua, Europa League tatu mfululizo na Sevilla, moja na Villarreal 2021, sasa Aston Villa.

Na kitu ambacho hakuna wakala atakusimulia ni kwamba ile klabu iliyomtengeneza Emery haipo tena. Lorca Deportiva ilishuka 2007 na 2012 ikavunjwa. Mimi hiyo huwa inaniuma kila nikiitaja, timu ambayo haikumaliza hata miaka kumi na moja imemtoa kocha wa namna ile halafu yenyewe ikafa. Ndo mazingira ya huko chini hayo.

Sasa nataka uone jambo moja, maana ukilielewa hili utaelewa kazi nzima ya kocha wa daraja la chini kule. Asiye na jina hatolewi daraja la tatu akawekwa la kwanza kwa sababu anaongea vizuri au ana kozi nzuri. Anapanda pamoja na timu. Timu ndo inambeba. Emery alipanda na Lorca, akapanda tena na Almería. Gaizka Garitano aliichukua Eibar ikiwa Segunda B, mji wa watu kama 27,000 tu kule Basque, akaipandisha 2013, akaipandisha tena 2014 mpaka La Liga, na klabu ilikuwa ndogo kiasi kwamba sheria ikawalazimu kuuza hisa ili wafikishe mtaji wa euro milioni 1.7, la sivyo wanashushwa hata kama wamepanda uwanjani. Asier Garitano aliikuta Leganés Segunda B 2013, kufika 2016 wako La Liga. Quique Setién alikaa Lugo miaka 6, 2009 mpaka 2015, akaitoa daraja la tatu kwenda la pili akahakikisha hairudi, ndipo Las Palmas, Betis, na Januari 2020 Barcelona. Na Setién ni mtu aliyechezea mpaka timu ya taifa ya Hispania, hata yeye ilibidi asote Lugo.

Na kupanda kwenyewe wakati ule kulikuwa adhabu. Segunda B ilikuwa na timu 80, zinapanda 4. Unaweza ukaongoza kundi lako msimu mzima, ukaingia mtoano mwezi Mei, ukafungwa bao moja la kizembe dakika ya 88 na mwaka wako wote ukaisha hapo. Rais anakutimua wiki ileile, na makocha wengi wazuri tu historia yao iliishia kwenye mechi ya namna hiyo.

Kuna njia ya mkato, sitakuficha, ila siyo yako wala yangu. Pep Guardiola alipewa Barcelona B 2007 ikiwa Tercera, msimu mmoja tu, akaipandisha, 2008 akakabidhiwa timu kubwa. Huyo ni Guardiola, ndani ya klabu iliyomlea, usimtumie kama rula ya kupimia safari yako.

Ukitaka rula inayofaa mchukue José Bordalás. Alizaliwa Alicante 1964, majeraha yakamstaafisha kucheza akiwa na miaka 28, akaanza ukocha miaka ya 90 mwanzoni kwenye timu za palepale mkoani kwao, Alicante, Benidorm, Eldense, Novelda, majina ambayo wewe hujawahi kuyasikia na Wahispania wengi nao ni hivyo hivyo. Miaka inakwenda. 2011 akiwa na Elche akafika fainali ya mtoano wa kupanda La Liga, mechi zote mbili na Granada zikaisha sare, akatolewa kwa sheria ya bao la ugenini, yaani bao ulilofunga ugenini lilihesabiwa zaidi mkilingana. Fikiria hiyo, hujafungwa na bado hujapanda. 2016 akaipandisha Alavés kama bingwa wa Segunda, ukafikiri sasa mzee kafika, kumbe klabu ikaachana naye kabla hajakaa benchi hata mechi moja ya La Liga. Mimi ningeacha mpira. Yeye Septemba hiyohiyo akaichukua Getafe ikiwa karibu na mkia wa Segunda, akaipandisha kwa mtoano Juni 2017, na Agosti ndo akasimama kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya La Liga, ana miaka 53. Misimu miwili baadaye Getafe nafasi ya tano. Kwa hiyo ulipouliza inachukua muda gani, kwa Bordalás ilichukua zaidi ya miaka 20, na huyo ni mmoja wa waliofanikiwa.

José Luis Mendilibar ndo nampenda kuliko wote. Mchezaji wa Sestao, chini ya La Liga, akaanza ukocha kwenye vitimu vya Basque, Arratia, Basconia, akaenda mpaka Lanzarote visiwani kufundisha Segunda B. Athletic Bilbao klabu ya kwao ikampa timu 2005, ikamtimua msimu haujafika hata Novemba. Akarudi chini kujenga upya, akaipandisha Valladolid 2007, akatimuliwa huku, akapanda kule, na Machi 2023 Sevilla wanamchukua akiwa na miaka 62 timu inapigania isishuke, wakabeba Europa League Mei 31 kwa penalti mbele ya Roma ya Mourinho. Oktoba wakamtimua. Februari 2024 yuko Olympiacos, Mei wakabeba Conference League, kombe la kwanza la Ulaya kwa klabu yoyote ya Ugiriki. Mtu ametimuliwa akiwa na kombe la Ulaya kabatini! Ndo kazi yenyewe unayoitaka hiyo, ujue kabisa kutimuliwa kule siyo ajali, ni sehemu ya kazi kama vumbi kwa fundi seremala.

Sasa hao ni wanne watano. Nyuma yao kuna mamia ambao hawajafika popote na siyo kwamba hawajui mpira. Huko daraja la tano mazoezi mara nyingi ni jioni kwa sababu wachezaji wanatoka kazini, kocha naye asubuhi ni mwalimu wa michezo au yuko ofisini, Jumamosi anakaa anakata klipu za wapinzani kwenye laptop yake mwenyewe, Jumapili anapanda basi na timu masaa matatu kwenda na masaa matatu kurudi. Msaidizi mmoja, wakati mwingine hana. Hiyo "hata daraja la nne ni hela" mwambie akuonyeshe mkataba wa mtu hata mmoja. Wapo wanaolipwa vizuri kwenye klabu zenye pesa, lakini wengi wanaishi kwa kazi nyingine, na wewe huko hutakuwa na duka la kaka.

Tuje kwenye karatasi, hapa ndo dili lako linapofia. Leseni za UEFA zinaenda C, B, A, mpaka Pro, na Pro peke yake ni masaa 360 kwa uchache, na kati ya ngazi na ngazi wanataka uwe umefundisha timu kweli siyo kukaa nyumbani. Hakuna wiki 6 inayokufikisha huko. Wanazisimamia kwa ukali pia, Zidane mwenyewe 2014 alipokuwa na Castilla, timu ya pili ya Real Madrid, Segunda B, ilibainika hana leseni ya kuwa kocha mkuu wa daraja lile, akafungiwa miezi mitatu, adhabu ikaja kusimamishwa baada ya rufaa lakini kelele zilipigwa nchi nzima. Zidane! Na usifikiri ni Ulaya tu, unakumbuka Simba 2021, Didier Gomes hakuruhusiwa na CAF kukaa benchi kama kocha mkuu kwenye mechi za Afrika kwa sababu ya leseni, ndo akaletwa Hitimana Thierry. Kwa hiyo mtu anayekwambia karatasi siyo ishu, ataelewana na wewe kwenye hela tu.

Leseni D yako ni ya heshima, umeitolea jasho, lakini ni ngazi ya kwanza, na ya CAF haigeuki ya UEFA kwa kupanda ndege. Kozi za kule pia zinafundishwa Kihispania, na kocha asiyeweza kumgombeza beki wake kwa lugha anayoielewa hana kazi.

Hao wenzako waliokutajia Pablo Franco wako sahihi nusu. Ni kweli alipita madaraja ya chini, Fuenlabrada, Puertollano, timu ya pili ya Getafe, na 2015 akapandishwa kumalizia msimu wa Getafe La Liga. Hilo la Real Madrid lililovuma sana mtaani alivyotua Dar Novemba 2021, alikuwa kwenye benchi la ufundi la Lopetegui, kocha wa Real Madrid wakati ule 2018, yeye hakuwa kocha mkuu. Simba akawafikisha robo fainali ya Kombe la Shirikisho wakatolewa na Orlando Pirates kwa penalti, Mei 2022 akaondoka. Kabla yake Azam walikuwa wamemleta Zeben Hernández 2016 kutoka Santa Úrsula, klabu ya madaraja ya chini ya kisiwani Tenerife, akawapa Ngao ya Jamii mbele ya Yanga, na mwaka haujaisha akatimuliwa.

Lakini angalia hao watu wanasafiri kuelekea wapi. Wametoka kule wamekuja huku. Ni Wahispania, lugha yao, leseni wanazo, wanajuana na watu, na bado wamepiga hesabu wakaona nafasi ya kukua iko Kuwait, Georgia, Dar es Salaam. Sasa wewe unataka kulipa milioni 6 kupita kwenye mlango ambao wenyeji wanautumia kutokea.

Najua hapo nimekuvunja moyo kidogo, na sitaki uachie hapo kwa sababu swali lako limenifurahisha, kocha wa ligi ya mkoa anayesoma habari za Lorca ni kocha. Ningekuwa mimi ningefanyaje? Ningebaki Morogoro misimu miwili nikatafuta leseni C halafu B, na zaidi ya karatasi ningetafuta kuipandisha hii timu niliyonayo, hata kama jezi hazifanani. Anayeitoa timu ligi ya mkoa akaiingiza ligi ya mabingwa wa mikoa jina lake linatajwa hata asipokuwa na wakala. Ningerekodi mechi zangu kwa simu juu ya tripodi, nikae nazo usiku. Ubaya wa njia hii sikufichi, ni ya polepole, hailipi, na kuna viongozi watakuangusha, unaweza ukafika miaka 35 bado uko First League, daraja la tatu la hapa kwetu. Lakini kila mwaka unabaki na kitu mkononi.

Njia ya pili ni kwenda Hispania kweli lakini kama mwanafunzi, umejifunza lugha kwanza hapahapa, umekubaliwa na chuo kinachojulikana au shirikisho la mkoa, wako 19 chini ya shirikisho kuu, unafundisha watoto huko kwa kujitolea ukiangalia wanavyofanya kazi. Hiyo ni nzuri sana, ila ni gharama kubwa kuliko milioni 6, kwa hiyo ni ya mtu mwenye ufadhili au akiba, siyo ya kuuzia ardhi ya familia. Ya tatu ni kukaa karibu na hao wageni wanaokuja kwetu. Klabu zetu zinaleta makocha na walimu wa viungo wa Kihispania, omba hata kuangalia mazoezi kwa wiki moja, kataliwa mara tano, rudi ya sita. Hiyo nauli ya basi tu.

Sasa kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza na inabidi uende mwenyewe kwa miguu yako. Panda basi mpaka Karume pale Ilala, ofisi za TFF, omba kuonana na watu wa kurugenzi ya ufundi, waulize kozi ya C inayofuata ni lini na wapi, na waulize leseni zako zikifika ngazi gani ndipo zinaweza kuzungumzwa na shirikisho la nchi nyingine. Barua ya mwaliko aliyokutumia wakala, kama ipo, ipeleke ubalozi wa Hispania, uko Dar hapo hapo, uliza hiyo viza ni ya aina gani. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haizidi siku 90 na haikupi ruhusa ya kufanya kazi hata ya kufagia uwanja, sembuse kufundisha, na ukikutwa unafanya kazi nayo unajiharibia hata safari ya halali ya baadaye. Na kama tayari umeshampa chochote, hata laki moja ya "fomu", usione aibu, chukua meseji zote na risiti za M-Pesa nenda polisi mapema kabla hajabadilisha namba. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliwahi kulipia "majaribio ya ukocha" nje ambayo hayakuwepo, na kilichoniumiza zaidi kuliko ile hela ni miezi minne niliyokaa kimya kwa aibu, mtu yule akawapiga na wengine.

Usimjibu kwa hasira. Muombe vitu vitatu kwa maandishi, jina kamili la klabu itakayokuchukua, barua yenye sahihi ya klabu hiyo, na jina la leseni utakayoipata mwisho wa wiki 6 na nani anaitoa. Halafu kaa kimya uone. Akikutumia chochote kwa Kihispania nitumie hapa hapa, ufiche jina lake na namba zako, nitakisoma nikwambie kimeandikwa nini. Na msimu ukianza niambie timu yako inacheza lini, Moro siyo mbali na nina mtu pale anaweza kuja kuangalia mechi moja.